Gari Likimisi Usikimbilie Kuuza Mpunga: Pima Koili Kwanza

Leo tunaliacha shamba kidogo, tunafungua boneti ya gari.

Najua wapo watakaouliza bwana shamba ameanza lini ufundi wa magari. Mimi si fundi. Nina diploma ya kilimo, na kazi niliyoajiriwa kuifanya ni mpunga, mahindi na mboga. Lakini kazi hiyo inanipitisha kwenye maghala yenu, na huko nimeona magunia yakiuzwa kwa bei ya hasara kwa sababu ambayo haimo kwenye vitabu vyangu vya chuo. Mpunga haukuliwa na panya, ada haikuwa imefika, mgonjwa hakuwepo. Gari dogo la familia lilianza kumisi, mtu akaambiwa injini imekufa, na magunia yakatoka wakati bei iko chini kabisa.

Kwa hiyo nimeona niandike. Nilichojifunza nimejifunza kwa kusimama pembeni ya mafundi wazuri wa hapa Ifakara na kuuliza maswali, na mengine kwenye gari langu dogo ambalo limetumika kabla yangu, kama ya kwenu.

MAGARI MADOGO YAMEINGIA KWENYE BIASHARA YETU

Zamani kidogo, mtu wa Lupiro, Mahenge au Malinyi mwenye mzigo alikuwa anasubiri pantoni kwenye mto Kilombero. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, gari dogo linavuka saa yoyote. Leo IST, Vitz, Passo, Raum na Probox ndizo zinazobeba nyanya, samaki, mbegu, mbolea, wajawazito na wanafunzi. Mtu anayelima ekari tatu za mpunga anaweza kuwa na IST moja inayomlipia kibarua wa palizi.

Magari haya yanatumia petroli, na petroli haijiwashi yenyewe ndani ya injini. Inahitaji cheche, na cheche inahitaji koili. Tofauti iko kwenye pawatila: ile ni ya dizeli, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, haina koili wala plagi. Kwa hiyo mwenye pawatila peke yake anaweza kupumzika leo. Mwenye gari la petroli, pikipiki au pampu ya petroli ya kumwagilia, tuendelee.

KOILI INAFANYA KAZI GANI

Betri ya gari ina volti 12. Kwa volti hizo cheche haiwezi kuruka kwenye plagi, kwa sababu ndani ya silinda hewa na petroli vimebanwa sana. Koili inachukua zile volti 12 na kuzipandisha hadi zaidi ya volti 20,000. Ndani yake kuna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa: moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko maelfu. Umeme ukikatwa ghafla kwenye waya mnene, volti kubwa inazaliwa kwenye waya mwembamba. Kanuni hiyo ya umeme na sumaku aliionyesha Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya IST yako.

Injini za 1NZ na 2NZ, ambazo ndizo zilizomo kwenye IST nyingi, zina silinda nne na koili nne. Kila koili imekaa juu ya plagi yake. Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila koili inatoa cheche 1,500 kwa dakika hiyo. Ukiendesha saa moja kwa mwendo huo, koili moja imetoa cheche 90,000, ikiwa imekaa juu ya injini ya moto, kwenye vumbi la kiangazi au unyevu wa masika. Kitu kinachofanya kazi hivyo lazima siku moja kichoke. Swali ni kama kitachoka kwa umri wake au tutakiua mapema.

DALILI ZINAZODANGANYA

Koili moja ikifa, gari linabaki na silinda tatu zinazofanya kazi. Linatetemeka likiwa limesimama, kama mtu mwenye homa. Linakosa nguvu kwenye mlima. Linakula mafuta kuliko kawaida. Ekzosi inatoa mlio wa kukatika katika na harufu ya petroli mbichi. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mara nyingine mwanzoni inamisi asubuhi tu au mvua ikinyesha, halafu inaacha. Nyingine inakuwa nzima ikiwa ya baridi, ikipata moto inaanza.

Ubaya wa dalili hizi ni kwamba zinafanana na za magonjwa mengine. Plagi iliyochoka inaweza kutoa dalili hizo hizo. Nozeli iliyoziba pia, waya uliokatika pia, na hata silinda iliyopoteza kompresheni kweli.

Hapa mkulima wa mpunga ananielewa haraka. Majani yakiwa ya njano, inaweza kuwa upungufu wa naitrojeni, na inaweza kuwa kimyanga. Upungufu wa naitrojeni unatibiwa kwa mbolea ya kukuzia. Kimyanga ni virusi, na huwezi kukitibu kwa mbolea wala kwa dawa yoyote ya dukani. Unang'oa mimea iliyougua na msimu ujao unatafuta mbegu inayostahimili. Rangi ya njano peke yake haikwambii ni kipi. Ndiyo maana tunaingia shambani, tunaangalia majani ya chini na ya juu, tunauliza mbolea iliwekwa lini, ndipo tunasema. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kutetemeka ni rangi ya njano tu. Ugonjwa bado hujaujua.

GUNIA KUMI NA TANO ZA MAMA MMOJA

Nitoe mfano mmoja. Kuna mama ng'ambo ya mto, mfanyabiashara wa nyanya na mkulima wa mpunga, ambaye alikuwa ameweka gunia kumi na tano ghalani akingoja Januari. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Mwezi wa Julai nilipita kwake kwa kazi zangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba bwana shamba. Umekuja wakati mzuri. Nitafutie mnunuzi wa gunia kumi na tano, wa leo leo."

"Mama, si uliniambia huu mpunga ni wa Januari?"

"Ulikuwa wa Januari. Gari limekufa injini. Fundi anataka milioni moja na nusu alete injini nyingine."

Nikamuuliza fundi alipima nini. Akasema alifungua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. Nikauliza kama alitoa koili au plagi hata moja. Hapana. Hapo nikamwomba mama anipe siku moja kabla ya kumwita mnunuzi, nikampigia kijana mmoja fundi wa Ifakara ninayemwamini. Akaja na pikipiki, na begi moja la spana.

Kijana hakusema chochote kuhusu injini. Alizichomoa koili zote nne, akaziandika namba kwa makapeni: 1, 2, 3, 4. Alipoitoa ya tatu, ilitoka imelowa oili hadi kwenye kipira cha chini. Akaipangusa, akaipeleka silinda ya pili, na ile ya pili akaileta ya tatu. Kisha akatafuta silinda isiyofanya kazi. Misi ilikuwa imehamia silinda ya pili. Imeifuata koili. Akatoa plagi zote, nazo zilikuwa zimechoka, nafasi ya cheche imepanuka. Akapima na kompresheni ya silinda zote nne, zikawa sawa.

Ilinunuliwa koili moja, plagi nne na gasketi ya tapeti kava, kwa sababu huko ndiko oili ilikuwa inavujia. Pamoja na ufundi, jumla haikufika bei ya gunia tatu. Zilizobaki zilikaa ghalani hadi Januari, zikanunua sare, godoro na mahitaji yote ya bweni, na chenji ikabaki.

Simsemi vibaya yule fundi wa kwanza. Huenda aliamini alichosema. Lakini aliyekuwa analipa gharama ya imani hiyo ni mama, kwa mpunga wake. Mtu akikwambia injini imekufa, mwulize swali moja tu, kwa heshima: "Fundi, umepima nini?"

JINSI YA KUPIMA KWA KUBADILISHANA

Njia aliyotumia kijana inahitaji spana namba 10, soketi ya plagi na uangalifu. Ukiweza, msimamie fundi wako aifuate hatua kwa hatua.

1. Zima gari, acha injini ipoe. Vua kava ya plastiki iliyo juu.

2. Angalia kwa macho kwanza. Soketi za nyaya zimekaa vizuri? Klipu zimevunjika? Kuna waya uliotafunwa? Sisi tunaolala na magunia ya mpunga nyumbani tuna panya, na panya wanapenda kulala kwenye injini yenye joto na kung'ata nyaya. Waya uliokatwa na panya unatoa dalili zile zile za koili iliyokufa.

3. Tafuta silinda isiyofanya kazi. Injini ikiwa imezimwa, chomoa soketi ya waya ya koili moja, kisha washa kwa sekunde chache usikilize. Kama gari limezidi kutetemeka, ile silinda ilikuwa nzima. Kama hakuna kilichobadilika, hiyo ndiyo yenye matatizo. Zima, rudisha soketi, nenda inayofuata. Usiache injini iendelee kunguruma hivyo, kwa sababu petroli isiyoungua inaendelea kuingia.

4. Zima tena. Badilisha koili ya silinda yenye matatizo na ya jirani yake. Washa, rudia kupima. Misi ikihama na koili, koili ndiyo mbovu. Misi ikibaki palepale, badilishaneni plagi kwa njia hiyo hiyo.

5. Koili na plagi zikiwa nzima na silinda bado haifanyi kazi, sasa ndipo fundi aangalie nyaya, nozeli na kompresheni. Habari ya injini mpya inazungumzwa mwisho wa orodha hii, haiwi mwanzo.

Kuna mafundi wanaochomoa koili injini ikiwa inawaka, wakaisogeza karibu na chuma ili waone cheche. Mkataze. Hizo ni zaidi ya volti 20,000, karibu na mvuke wa petroli. Anaweza kurushwa na umeme, anaweza kuwasha moto, na koili nzima inaweza kufa hapo hapo.

Gereji zenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari zitakupa namba. P0301 maana yake silinda ya 1 inamisi, P0302 ya 2, hadi P0304. P0351 hadi P0354 zinaelekeza kwenye saketi ya koili yenyewe. Zingatia jambo moja: P0303 imekwambia silinda ya tatu inamisi, haijakwambia kwa nini. Bado kubadilishana kunahitajika. Mtu akisoma P0303 akakuuzia koili bila kuhamisha kitu, naye amebahatisha, ila amebahatisha kwa mashine.

USIENDELEE NAYO HIVYO HIVYO

Wengi tunasema, "Si inatembea? Nitatengeneza baada ya mavuno." Koili moja ni gharama ndogo. Kinachofuata ndicho kikubwa. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye oili ya injini, oili inakuwa nyepesi na vyuma vinasagana. Nyingine inatoka na kwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yanapata moto kupita kiasi, yanayeyuka na kuziba, na gari linakosa nguvu kabisa. Zaidi ya hapo, chuma cha namna hiyo chini ya gari lililoegeshwa juu ya majani makavu au pumba kavu kinaweza kuanzisha moto. Kiangazi chetu mnakijua.

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama pa kuegesha.

CHANZO NI KIPI? KOILI HAIFI BURE

Ndugu mmoja wa huku kwetu alibadilisha koili ya silinda ile ile mara tatu ndani ya mwaka mmoja, kila mara akilaumu muuza spea. Shimo la plagi lilikuwa limejaa oili muda wote. Ni sawa na kurudia mbegu kwenye jaruba lisilopitisha maji. Ukibadilisha koili, tafuta kilichoiua:

Oili kwenye shimo la plagi. Inalainisha kile kipira na umeme unatafuta njia ya pembeni. Dawa ni gasketi ya tapeti kava, na sili za mashimo ya plagi kama injini yako inazo peke yake. Kupangusa tu hakutoshi.

Plagi zilizochoka. Nafasi ikipanuka, koili inalazimika kupandisha volti zaidi kila cheche, inapata moto, inaungua. Plagi za kawaida zinabadilishwa kila kilometa 20,000 hivi. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000 zikiwa halisi. Badilisha zote nne kwa pamoja, aina ile inayotakiwa na injini yako. Zifungwe injini ikiwa ya baridi, bila kukazwa kwa nguvu za kufungia jembe, kwa sababu kichwa cha injini ni cha alumini.

Maji. Usikubali injini ioshwe kwa mashine ya presha. Wakati wa masika, barabara zinapokatwa na maji, usijaribu kupita usipoona chini. Maji yakiingia kwenye njia ya hewa ya injini, usiwashe tena hata kidogo, livutwe. Kama ni unyevu tu juu ya koili, zichomolewe, zikaushwe kwa kitambaa na hewa, zirudishwe.

Soketi iliyolegea. Klipu ikivunjika, barabara ya mashimo inaitikisa soketi hadi inapoteza mgusano. Mafundi wengi wanafunga kwa kamba ya mpira. Hiyo ikufikishe nyumbani tu. Tafuta soketi nzima.

Chaji iliyozidi. Injini ikiwaka, betri inapaswa kusoma kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikizidi sana hapo, alternata ina tatizo, na koili na vifaa vingine vya umeme vitaumia.

KUNUNUA BILA KUUMIZWA

Nenda dukani na koili ya zamani mkononi. Soma namba iliyoandikwa. Koili nyingi za injini za 1NZ na 2NZ zina namba 90919-02240, na soketi yake ina nyaya nne. Linganisha namba, urefu, soketi na kipira. Jina kubwa kwenye boksi si ushahidi, maana boksi linachapishwa popote. Koili halisi iliyotumika, ikapimwa kwenye gari lako mbele yako kabla hujalipa, nimeona ikidumu kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Kubalianeni na muuzaji kuhusu kurudisha, na uandikiwe risiti.

Koili ya zamani iliyo nzima usiitupe. Mimi natembea na moja kwenye buti, pamoja na spana namba 10. Ukiharibikiwa kati ya Ifakara na Mlimba usiku, hizo mbili zina thamani kuliko simu yenye salio.

LA KUFANYA WIKI HII

Kabla mavuno hayajaanza na mizigo haijawa mingi, mwombe fundi atoe koili zote nne. Aangalie mashimo kama yana oili, plagi kama zimechoka, klipu kama ni nzima, nyaya kama hazijatafunwa. Ni kazi isiyozidi saa moja. Vikundi vyenye magari matatu manne mnaweza kumwita fundi mmoja kijijini kwa siku moja mkagawana nauli yake, kama tunavyofanya kwa chanjo ya kuku.

Na aliyekwisha kuambiwa injini imekufa, asiite mnunuzi wa mpunga leo. Apime kwanza. Kama kompresheni imepotea kweli, ataujua ukweli na ataamua akiwa anajua. Kama ni koili, ghala litabaki na mlango wake umefungwa.

Nawatakia kazi njema na safari salama. Toleo lijalo tunarudi shambani: panya wa ghalani, hao hao wanaotafuna nyaya zetu.